Wenye Ziwa: Historia ya Juhudi za Kuhifadhi Maji ya Naivasha

Jina la Naivasha limetokana na neno la Kimaa, Enaiposha, ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa ni maji yanayotutumka, yaani yanayoinuka na kushuka kwa mawimbi. Aliyewahi kusimama ufukoni alasiri, upepo unapovuma, hatahitaji ushahidi zaidi. Mswahili wa pwani angelisema kwamba ziwa hilo huchafuka, kama asemavyo juu ya bahari. Na hapa Kiswahili chatupa mkasa wa maana ambao Kimaa hakikuukusudia, kwani kitenzi hicho hicho chaeleza mawimbi na chaeleza uchafu. Ziwa la zamani lilichafuka kila alasiri na jioni likatulia. Ziwa la leo limechafuka kwa maana ya pili, na utulivu wa jioni hauliondolei uchafu huo.

Makala haya yanakusudia kuieleza historia ya juhudi za wakaazi katika kuyahifadhi maji ya ziwa hilo tangu mwaka 1929 hadi siku zetu. Wataalamu wa elimu ya viumbe wameandika mengi juu ya ziwa lenyewe. Sisi tutashughulika zaidi na suala lililo karibu na kazi yetu ya lugha, nalo ni hili: kila iliposemwa kwamba “jamii” imelilinda ziwa, ni nani aliyehesabiwa katika jamii hiyo?

Kwanza hatuna budi kueleza kwa nini maji ya Naivasha ni jambo la kustaajabisha. Ziwa hili liko kwenye Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mito inayoingia ni Malewa, Gilgil na Karati, na kati ya hiyo Malewa ndio wenye kuleta sehemu kubwa mno ya maji. Hakuna mto utokao. Maziwa ya jirani yasiyokuwa na mto utokao, kama vile Elmenteita, Nakuru na Magadi, yote yana maji ya magadi. Naivasha peke yake katika ujirani huo ndilo lenye maji matamu. Maelezo yanayokubaliwa ni kwamba sehemu ya maji huvuja chini kwa chini kupitia miamba ya volkano na kuondoka na chumvi. Lakini ziwa lilikuwa na mlinzi mwingine pia, naye ni mafunjo. Upande wa kaskazini, Malewa na Gilgil inapoingia, palikuwa na msitu mpana wa mafunjo ambao uliyachuja maji ya mito kabla hayajafika ziwani. Katika miaka ya 1970 John Gaudet, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza msitu huo akaonyesha jinsi mimea hiyo inavyozuia mashapo na kufyonza rutuba inayoletwa na mito. Utafiti wake ulifanywa wakati msitu ulipokuwa ungali mpana, na kwa hiyo umekuwa ushahidi wa kitu ambacho sehemu yake kubwa haipo tena.

Kabla ya ukoloni kingo za ziwa zilikuwa malisho ya Wamaasai wakati wa kiangazi. Reli ilipopita bondeni, ardhi hiyo ilitamaniwa. Tarehe 10 Agosti 1904 serikali ya Himaya ilifanya mkataba na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa wa mbele yao, na kwa mkataba huo Wamaasai wakaondolewa bondeni, wengine wakaenda Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 ulifanywa mkataba wa pili, wakaondolewa na Laikipia pia. Kesi waliyoipeleka mahakamani ikatupwa mwaka 1913. Tunayakumbusha haya, ingawa yanajulikana, kwa sababu mara nyingi historia ya uhifadhi wa Naivasha huanza kusimuliwa mwaka 1929, kana kwamba kabla ya hapo kingo hizo hazikuwa na mtu.

Mwaka 1929 walowezi wenye mashamba yaliyopakana na ziwa waliunda chama chao. Katika jina la chama hicho mlikuwa na maneno mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni neno la kisheria lenye maana ya aliye kandokando ya maji, na ambalo Kiswahili hakina neno moja la kulieleza. Wengine husema “wa kingoni”, wengine “wa ufukoni”, na magazeti yetu siku hizi hulichukua lilivyo na kulitia sauti za Kiswahili, yakaandika “ripariani”. La pili halina matatizo ya tafsiri hata kidogo: lilisema “wenye”. Chama kilikuwa ni cha wenye ardhi ya kingoni.

Wala chama hakikuundwa kwa sababu ya usafi wa maji. Katika miaka hiyo ziwa lilikuwa likipungua, na kila lilipopungua liliacha nyuma ardhi nyeusi yenye rutuba. Je, ardhi hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye shamba lililopakana nayo, au ni ya serikali? Ugomvi huo ulimalizwa kwa mapatano ya mwaka 1933, ambayo kwayo serikali ilikikabidhi chama usimamizi wa ardhi iliyokuwa chini ya mstari wa kimo cha futi 6,210 juu ya usawa wa bahari. Mwenye shamba aliruhusiwa kulima au kulisha mifugo katika ardhi hiyo, lakini hakuruhusiwa kujenga majengo ya kudumu. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Sharti lililowekwa ili watu wasigombane juu ya tope lilikuwa, bila ya mtu kulikusudia hivyo, ndilo lililoyahifadhi mafunjo kwa miaka mingi. Kwani pasipojengwa, mafunjo huota tena maji yanaporudi. Na maji yalirudi. Baada ya ukame wa miaka ya 1940 na 1950 mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zililijaza ziwa upya.

Uhuru ulipokuja ziwa lilianza kubadilika kutoka pande mbili kwa pamoja, juu milimani na ndani ya maji yenyewe, na chama cha wenye kingo hakikuwa na mamlaka juu ya upande wowote kati ya hizo.

Huko juu, Kinangop na Ol Kalou, mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa kwa wakulima wadogo wadogo chini ya mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Haki ya jambo hilo haina haja ya kutetewa hapa. Lakini nyika iliyokuwa ya nyasi ililimwa, ikapandwa viazi, kabeji na pareto, mara nyingi hadi ukingoni mwa mto kabisa, na mvua za masika zikaanza kuteremsha udongo ndani ya Turasha na Malewa. Pamoja na udongo huo hushuka fosforasi, na fosforasi ndiyo chakula cha vijimea vya kijani vinavyoyafanya maji yawe mazito. Eneo zima linalotiririsha maji yake Naivasha ni kiasi cha kilomita za mraba 3,400. Mtu anayesimama ukingoni mwa ziwa na kutafuta mchafuzi kwa macho yake anaangalia sehemu ndogo tu ya eneo hilo.

Ndani ya maji mambo yalikuwa mabaya zaidi, na karibu yote yalitokana na nia njema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walowezi waliotaka mchezo wa kuvua walikuwa wametia samaki wa Kimarekani aitwaye besi. Baadaye wakatiwa perege wa namna mbalimbali. Magugu ya salvinia, yenye asili yake Amerika ya Kusini, yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakatanda kama mkeka. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wekundu kutoka Louisiana kwa ajili ya biashara. Kamba hao walizaana kupita kiasi na wakaila mimea yote iliyokuwa chini ya maji, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yungiyungi za buluu, zilizokuwa pambo la ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Mimea ya chini ndiyo iliyokuwa ikilishika tope la kitakoni. Ilipokwisha, upepo ule ule uliolipa ziwa jina lake ukaanza kulitibua tope kila alasiri. Mwaka 1988 likaonekana gugu maji. Salvinia na gugu maji vilipunguzwa katika miaka ya 1990 kwa kuachiliwa fukusi wadogo wanaokula mimea hiyo peke yake, na kwa salvinia dawa hiyo ilifaulu vizuri. Gugu maji halijaondoka mpaka leo.

Kisha yakaja maua. Kilimo cha maua ya kuuzwa Ulaya kilianza upande wa kusini wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa kampuni ya Kidenmark iliyopanda krisanthemumu, na tangu miaka ya 1980 kikaenea kwa kasi. Kampuni yenyewe ilikwisha zamani, lakini herufi tatu za jina lake, DCK, zimebaki kuwa jina la kitongoji kingoni mwa ziwa, na wanaolitaja kila siku hawana haja ya kujua kwamba katika herufi hizo mna ua. Mabanda ya plastiki yalihitaji maji, yakahitaji mbolea na dawa za kuua wadudu, na zaidi ya yote yakahitaji mikono. Watu walikuja kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mkoa wa Kati. Mwaka 1969 mji wa Naivasha haukuwa na watu 10,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 ulikuwa na karibu 200,000. Karagita, Kamere na Kwa Muhia vilikua kuwa miji bila ya mifereji ya majitaka, na vyoo vya shimo vikachimbwa katika udongo wa volkano unaopitisha maji kwa urahisi. Mitambo ya mji ya kusafisha majitaka haikukua sambamba na mji wenyewe.

Si haki kusema kwamba wenye kingo waliyatazama haya wakiwa wamekaa kimya. Katika miaka ya 1990 chama kilifanya mambo ambayo vyama vichache vya namna yake vimeyafanya popote barani. Kiliitaka serikali iliingize ziwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa mwaka 1971 unaohusu ardhi oevu, na tarehe 10 Aprili 1995 Naivasha likawa eneo la pili la Kenya katika orodha hiyo, baada ya Nakuru. Mwaka 1996 kilikamilisha mpango wa usimamizi wa ziwa. Kila kundi la watumiaji, wakulima wa maua, wafugaji wa kibiashara, wenye hoteli na wengineo, lilitakiwa lijitungie kanuni za mwenendo na kuzifuata kwa hiari. Baadhi ya mashamba ya maua yalichimba madimbwi na kuyapanda mafunjo na matete ili yachuje maji machafu kabla hayajaachiliwa, na hivyo kuiga kazi ya ule msitu wa kaskazini uliokuwa ukiangamia. Mwaka 1999 chama kilipewa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi wa ardhi oevu. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 neno “wenye” likaondolewa katika jina lake, ili wasiokuwa na hati za ardhi waweze kuhusishwa.

Jina lilibadilika haraka kuliko mambo yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2004 serikali iliutangaza mpango wa usimamizi katika gazeti rasmi, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ili uwe na nguvu ya sheria. Mara baada ya hapo wakaazi, wafugaji wakiwemo, walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba hawakushauriwa, na mahakama ikausimamisha utekelezaji wake. Walioutunga mpango waliona kwamba kazi ya miaka mingi imeangushwa na watu waliochelewa kuja mkutanoni. Walioupinga waliona kwamba hawakuitwa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Mfugaji wa Kimaasai hakuhitaji mpango ili amwelekeze jinsi ya kutumia ziwa. Alihitaji njia ya kufikisha ng'ombe wake majini, na njia za umma zilizoachwa kati ya mashamba zilikuwa zikizibwa moja baada ya nyingine. Kwake neno “kuhifadhi” lilikuwa limeshika maana ya ua wa seng'enge. Lugha ya mpango, yenye maneno kama wadau, uendelevu na matumizi ya busara, ilikuwa ni tafsiri hata pale ilipoandikwa kwa Kiswahili, na hapakuwa na neno ndani yake lililosema njia ya ng'ombe.

Mgogoro kama huo ulikuwa kwa wavuvi pia. Mwaka 2001, samaki walipopungua mno, uvuvi ulifungwa kwa muda, na ulipofunguliwa idadi ya mashua ikawekewa kikomo. Asiyekuwa na leseni akawa mwizi katika maji aliyoyavua jana. Joan Root, mtengenezaji wa filamu za wanyama aliyeishi kingoni, alisaidia kwa fedha zake kikosi cha kuwazuia wavuvi wa magendo na nyavu zao zenye matundu madogo, na baadhi ya waliokuwa katika kikosi hicho walikuwa wavuvi wa magendo zamani. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2006, na washtakiwa wakaachiliwa na mahakama. Watu wa nje waliandika sana juu ya kifo chake. Hawakuandika sana juu ya vijana wa Karagita waliokuwa na njaa, wala juu ya swali gumu la kama kikosi kinacholipwa na mtu mmoja chaweza kuitwa juhudi ya jamii. Tangu mwaka 2007 kazi hiyo imekabidhiwa vikundi vya wavuvi wenyewe kwa kanuni za usimamizi wa fuko, navyo hufanya doria na kulinda mahali pa mazalio ya samaki. Ni utaratibu wenye kasoro, lakini walau anayemkamata mvuvi ni mvuvi.

Ukame wa mwaka 2009 ulilishusha ziwa hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mvua ziliporudi mwanzoni mwa mwaka 2010 samaki wengi walikutwa wakielea wakiwa wamekufa. Wavuvi na magazeti walisema ni dawa za mashamba ya maua. Uchunguzi ulielekea zaidi kwenye upungufu wa oksijeni, kwani mafuriko ya ghafla yalikuwa yamekokota tope na uozo wa msimu mzima wa ukame hadi kwenye ziwa lililokuwa dogo na lenye joto. Ukweli huu haukupendwa. Mashamba ya maua yalionekana, yalikuwa na wenyewe, na baadhi yao walikuwa wageni. Tope la Kinangop lilikuwa la kila mtu. Hata hivyo yafaa kusema kwamba lawama ile, ingawa haikulenga vizuri, ilitenda kazi. Wanunuzi wa Ulaya walianza kuulizia ziwa, na mwaka 2011 serikali, baada ya mazungumzo kati ya Waziri Mkuu Raila Odinga na Mwana wa Mfalme Charles wa Uingereza, iliunda bodi ya Imarisha Naivasha ili iwakutanishe wote, kuanzia milimani hadi ziwani.

Lakini hatua kubwa zaidi ilikuwa imekwisha anza kimya kimya. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliruhusu watumiaji wa maji ya mto mmoja waunde chama chao, awe mtu ana hati ya ardhi au hana. Vyama 12 vya namna hiyo viliundwa katika bonde zima, kimoja kikiwa cha ziwa lenyewe, kilichoanzishwa mwaka 2007. Hicho ndicho kilichosimamia mpango wa kugawa maji kwa rangi mfano wa taa za barabarani: kimo cha ziwa kikishuka kutoka kijani hadi manjano, na kutoka manjano hadi nyekundu, kila mwenye kibali hupunguza anachokichota. Vyama vya juu, vya Wanjohi na Turasha, viliingia katika mapatano ambayo hayakuwa ya kawaida. Wakulima wadogo waliacha ukanda wa nyasi kingoni mwa mto, wakapanda nyasi za nepia na miti ya matunda, wakachimba matuta. Na watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, wakachanga fedha ambazo walipewa wale wa juu kwa njia ya vocha za kununulia mbegu na pembejeo. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Wakulima wengi walifaidika zaidi na nepia, kwani ng'ombe walishiba na maziwa yakaongezeka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1929 mtu wa Kinangop, ambaye huenda hajawahi kulifikia ziwa, alihesabiwa kuwa ni mlinzi wake na akalipwa kwa ulinzi huo.

Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma, na ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kisheria basi suala la wenye ziwa limekwisha jibiwa. Kimaji halijajibiwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, likaufunika mtaa wa Kihoto, na mamia ya watu wakahama. Vyoo vya shimo vilibaki chini ya maji. Mtaa huo ulijengwa katika ardhi tambarare ambayo ziwa lilikuwa limeiacha, nyumba za mawe zenye hati na wapangaji, na waliojenga hawakuwahi kuambiwa juu ya mapatano ya 1933 wala juu ya sharti la kutojenga majengo ya kudumu. Mapatano hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, yakawekwa katika majalada ya chama na ya serikali. Wavuvi wa Kihoto sasa hupitisha mashua zao kati ya kuta.